Nilivyoiosha roketi ya marehemu Danny mpaka ikatugeukia

Wakuu, shikamooni mlionizidi, wadogo zangu marahaba.

Niliishia darasa la nne, mkikuta herufi imekaa upande mnivumilie. Ila uongo humu hamtaukuta. Nafasi ya kudanganya niliipata, tena nzuri, mtaiona huko mbele.



Naishi Woodbury, huku Minnesota, kwa binti yangu Neema. Yeye ni nesi, ana-drive mpaka Minneapolis kila siku, mimi nabaki na nyumba. Shinyanga nilikuwa fundi baiskeli zaidi ya miaka thelathini. Hapa hata pampu sina.

Jirani yetu ni bibi wa Kizungu, mjane. Mwanawe wa pekee, Danny, alifariki akiwa kijana. Mimi nikawa namwita Mama Danny, kama kwetu. Neema akanikanya: "Baba, huku watu hawaitwi hivyo, utamuumiza." Kumbe bibi kafurahi! Alisema tangu msiba watu wanaogopa kulitaja lile jina mbele yake.

Basi siku moja akaniletea roketi.

Siyo ya vita jamani. Ya kuchezea, ya karatasi ngumu, ndefu kama mkono wangu, pua ya plastiki, ndani kuna mwavuli wa kuishusha. Danny aliitengeneza akiwa na miaka kumi. Mama Danny alikuwa anahamia nyumba ya wazee, akataka aione ikiruka mara moja kabla hajaondoka.

Shida injini. Tulienda duka moja St. Louis Park, muuzaji akasema zile nyembamba za zamani hazitengenezwi tena. Akatupatia mpya, nene na ndefu zaidi. Haiingii.

Nikasema niachieni mimi.

Nilikata bomba la ndani kwa kisu, taratibu, nikalitoa. Nikaweka pana zaidi, nikalizungushia ringi za kadibodi na gundi likae katikati. Kishikio cha kuzuia injini isichomoke nilikikunja kwa spoku ya baiskeli kuukuu. Wakuu, ungedhani imetoka kiwandani.

Sasa sikilizeni. Mimi nilivyofundishwa, fundi akipokea chombo cha mtu, kwanza anakiosha. Mteja akikuta tope, hata kazi iwe nzuri vipi, haioni.

Nikafungua ile pua. Ndani, kwenye ncha, udongo wa kijani umeshindiliwa, mgumu. Nikajua uchafu wa watoto huo. Nikaukwangua kwa bisibisi, nikautupa, nikaosha pua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Tena nilijisifu, maana ilikuwa nyepesi kama unyoya.

Jumamosi tukaenda uwanja wa wazi nje ya mji. Mama Danny kwenye kiti cha kukunja, Neema pembeni yake. Bibi akahesabu mwenyewe, five, four, three... Nikabonyeza.

Ikapanda kimo cha kama nguzo mbili za umeme.

Ikayumba.

Ikageuka. Ikaja kwetu na moto wake!

Neema alimkumbatia bibi wakaanguka wote na kiti. Roketi ikajichimbia kwenye nyasi, hatua tatu tu kutoka walipolala. Ndipo mwavuli ukatoka, pwaa, pale chini, kama unanizomea.

"Baba! Ungetuua!"

Nikakimbia kumwomba bibi radhi. Yeye hana habari na magoti yake yaliyochubuka. Ameokota pua, ameingiza kidole gumba ndani, anapapasa.

"Where's the clay?"

Neema akanitafsiria: anaulizia ule udongo. Kumbe ulikuwa uzito wa kuituliza pua. Fikiria baiskeli: ukipakia gunia nyuma kwenye keria na mbele hakuna kitu, gurudumu la mbele linanyanyuka. Mimi nimeongeza injini nzito nyuma, halafu uzito wa mbele nikautupa. Fundi mzima!

Lakini siyo hilo lililomliza. Danny aliushindilia udongo ule kwa dole gumba lake, alama ikabaki. Kila siku ya kuzaliwa ya Danny mama hufungua pua na kuweka kidole chake palepale.

Gari la taka lilishapita Jumatano.

Neema akaninong'oneza, "Baba, sema udongo umedondoka huko angani." Ndiyo ile nafasi. Nikamtazama yule mama. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Me. I throw. I wash."

Akainuka, akaenda kwenye gari. Njia nzima aliikumbatia ile pua kifuani.

Siku tisa pazia lake halikufunguka. Nikaunganisha bawa lililovunjika, nikaiacha roketi mlangoni kwake bila pua, maana pua alibaki nayo.

Siku ya kumi akagonga. Kashika roketi, pua imo, na ndani udongo mpya. Nikanyoosha mkono nipime uzito. Akanichapa kofi vidoleni.

"The motor is yours," akasema. "The nose is mine."

Tukarudi uwanjani, na safari hii ilipanda wima mpaka ikawa nukta. Neema anapiga kelele. Mimi sikuangalia juu. Nilimwangalia Mama Danny, dole gumba lake bado lina rangi ya kijani.

Ameshahamia, na roketi kaenda nayo. Spoku yangu imo ndani.

Nilichojifunza, kitu cha mtu ukikiona kichafu, muulize kwanza kabla hujashika sabuni.

Na wewe uliyewahi kuosha kitu kisichooshwa, shuka hapo chini utuambie. Mafundi wenzangu nawajua, msijifiche.