Nani Alikuwa Anamuulia Bikizee Watoto?

Watoto wa Bikizee walikuwa wanafia mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyesomea kuwaweka hai.

Bikizee ni ng'ombe. Usicheke kwanza.

Alikuwa jike wa mwisho wa aina yake, wale wafupi wenye kiburi, wanaosimama kiangazi wenzao wakianguka. Tumbo lake lilishachoka kubeba mimba. Kazi yangu ilikuwa kumtoa mayai, kuyakutanisha na mbegu za dume kwenye kisahani, kulea viinitete ndani ya inkubeta, lile kabati la joto, kisha kuvipandikiza kwa ng'ombe mwenye nguvu.

Ujana wangu umeishia hapo. Wenzangu wanapiga picha za harusi, mimi nimezamisha mkono kwenye ng'ombe mpaka begani.

Basi navilaza viinitete vimegawanyika vizuri, vinang'aa. Nikirudi kwenye hadubini, vyeusi. Vimesinyaa kama zabibu kavu.

Nikabadilisha maji. Nikabadilisha dawa. Nikabadilisha visahani.

Vikafa.

Nikaanza kumwangalia Kipara kwa jicho la pembeni. Tulikuwa tunatumia maabara moja, na kila mtu alijua anakimezea mate kiti changu. Nikaitia inkubeta kufuli, ufunguo nikauning'iniza shingoni.

"Dada, hiyo ni inkubeta au sanduku la mirathi?"

"Cheka tu. Nitakukamata."

Vikafa humo humo ndani ya kufuli.

Halafu asubuhi moja Bikizee hakuinuka. Daktari wa mifugo akampumzisha kwa sindano. Nikatoa ovari zake zikiwa bado za moto, nikazitia kwenye chupa ya chai, nikaikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga.

Mkuu wa mradi alikuwa mlangoni.

"Mayai haya ndiyo ya mwisho, binti. Yakifa, chumba hiki kinakuwa stoo. Na wewe..."

Hakumalizia. Sikumwomba amalizie.

Nyumbani nilimlilia mama mpaka sauti ikakauka. Mama ndiye anayenifulia na kunipigia pasi koti la maabara. Akanipapasa mgongo tu. "Yataisha, mwanangu."

Nikayakutanisha mayai na mbegu, viinitete vikagawanyika. Nikathubutu kutabasamu.

Siku iliyofuata, karibu vyote vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye inkubeta.

Kipara akaingia, akaziba pua.

"Jamani, leo umezidisha."

"Nimezidisha nini?"

"Manukato! Ulianza taratibu nikanyamaza, nikajua dada kapata mchumba. Lakini leo hata mbu hakai humu."

"Mimi sijipaki kitu! Una wazimu?"

"Kwani hujisikii?"

Sijisikii. Pua yangu ilikufa zamani kwa dawa za kuhifadhia vielelezo. Niwekee mzoga mezani, nitaomba chumvi.

Kipara akashika pindo la koti langu, akanusa, akarudi nyuma. Uso wake ulibadilika. Sote wawili tulijua mvuke wa manukato unavyoingia kwenye inkubeta kila mlango ukifunguliwa, na unavyokiua kiinitete.

Koti nililivua pale pale, nikalitupa dirishani. Nikakimbilia nyumbani.

Mama alikuwa uani, anapiga pasi koti la pili.

"Mama, unaweka nini kwenye makoti yangu?"

Akaona haya.

"Ulikuwa unanuka beberu, mwanangu. Ukikaa, watu wanasogea. Nikasema nikuwekee kidogo."

"Kidogo?"

"Mwanzoni kidogo. Halafu ukaanza kurudi unalia. Nikajua huko kazini wanakusema kwa ile harufu. Basi kila ukilia, naongeza."

Nikahesabu kwa vidole.

Vikifa, nalia. Nikilia, anaongeza. Akiongeza, vinakufa.

Ningemwambia nini? Mama, muuaji ni wewe? Nilimshika mikono, ile mikono iliyokuwa na joto la pasi.

"Ahsante, mama. Kuanzia leo makoti yanafuliwa kazini."

Kilibaki kiinitete kimoja. Kimoja tu. Nilivua ufunguo shingoni nikampa Kipara, akakilea yeye, mimi nikichungulia kwenye kioo cha mlango kama mgonjwa wa kuambukiza. Tukakipandikiza. Wiki zikapita sili wala silali.

Jana daktari alimpima ng'ombe, akachomoa mkono, akanikonyeza.

"Imeshika."

Nikampigia mama simu. Alipiga vigelegele mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Kisha akashusha sauti.

"Na huyo ng'ombe mjamzito, si anawanukia watu vibaya? Nimpelekee kidogo?"

"Mama, hapana!"

Bado hajui. Na mkikutana naye, mkae kimya.

Ila wewe unayesoma hapa, ambaye mambo yako yanakufa kila siku na adui umeshampata: kabla hujanunua kufuli, mwombe huyo huyo adui akunuse.