Njia Mbili, Lambo Moja

Siku yangu ya kwanza kazini niliukuta mlango wa chumba cha kompyuta umefungwa kwa kufuli la ghala, na vumbi la pamba limejaa hadi kwenye tundu la ufunguo. Kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Bariadi. Soko huria lilikuwa limeingia. Ng'ambo ya barabara mnunuzi mwingine alikuwa ametundika mizani yake, akituchungulia.

"Mwangaluka, mayu," Meneja alinisalimu Kisukuma, kwa heshima anayopewa mama, ingawa nilikuwa binti tu. Kisha akasema bila kuzunguka: "Mizani ikisimama wakulima wakiona, watageuza mikokoteni. Siku hiyo kompyuta zako zitapanda lori, na wewe juu yake."

Tulikuwa na seva mbili, yaani kompyuta kuu zilizoendesha mizani. Uzito wa kila mzigo ulihifadhiwa kwenye kabati moja la diski, ambalo seva zote mbili zililifikia kwa njia moja ya mtandao. Njia hiyo ikikatika, seva zilibaki kama ng'ombe waliofungiwa nje ya zizi. Nikaomba njia ya pili: kila seva iwe na kadi mbili za mtandao na kebo mbili, kila njia ipite kwenye swichi yake, yaani kisanduku cha kuunganishia. Mwisho nikaweka programu ya kuzifunga njia hizo pamoja. Bila hiyo, seva huiona diski moja kuwa mbili, kama mtu anayejisifia ng'ombe mmoja kwa majina mawili.

Meneja alipokuja kukagua, nilimweleza kwa mambo ya nyumbani. Baba yangu kule Lalago hakulaza ng'ombe wote zizi moja. Wengine aliwakabidhi ndugu wa vijiji vingine, ili ugonjwa ukiingia kwake usimfilisi. Meneja, mfugaji naye, akainama, akaufuata waya wa umeme kwa kidole hadi ukutani.

"Mayu, mbona mazizi mawili yanakunywa maji ya lambo moja?"

Mafundi wa umeme walikuwa wamechomeka swichi zote mbili kwenye soketi moja. Tulicheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Siku hiyohiyo swichi ya pili ikapata umeme wake.

Msimu ulipopamba moto, mikokoteni ikiwa imejipanga hadi barabarani, soketi ile ya kwanza iliungua. Moshi ulitoka, taa za swichi moja zikazimika. Nilikimbilia dirishani kutazama mizani. Karani alikuwa ameganda, ananusa. Kioo cha kompyuta yake kilisita, kama mtu anayevuta pumzi, kisha namba ikatokea.

"We kijana!" mzee mmoja wa Bukundi akamkaripia. "Hujawahi kuona pamba? Pima!"

Akapima. Hakuna mkokoteni uliogeuka. Meneja aliingia, akaitazama soketi nyeusi, akaniambia, "Lambo limekauka, mayu, na ng'ombe wamekunywa." Sijawahi kupewa cheti kinachoizidi kauli hiyo.

Sasa nimestaafu, nakaa Binza. Mjenzi huwaonyesha wajukuu daraja lake. Mimi nina yule mzee wa Bukundi, aliyerudi nyumbani na mkokoteni mtupu, akipiga mluzi, asijue kwamba chochote kilitokea.