Muda wa Kumenya Muhogo Mmoja

Mdogo wangu alifia ng'ambo, akazikwa huko huko. Hapa Nyamianda tulikaa kilio bila mwili. Mimi niliishia darasa la sita, nauza ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni. Kazi yake nitaieleza kama alivyokuwa akinieleza kwa simu.

Alitengeneza taa za buluu. Alichanganya chumvi fulani, akazidondosha juu ya kioo, akazipasha moto mpaka ikabaki ngozi nyembamba ya fuwele, aina wanayoiita perovskaiti. Umeme ukipita, ngozi ile inawaka. Nyekundu na kijani zilikuwa zinakubali. Buluu ndiyo iliyomsumbua: ikiwaka kidogo chumvi zinaachana, rangi inaelekea kijani, kisha inazima. Hata unyevu wa hewa unaiharibu. Yeye alitafuta namna ya kuifanya idumu.

Nikimwuliza inadumu kiasi gani, alinipimia kwa mambo ya jikoni. Mwanzoni ilikuwa kuwasha kiberiti. Baadaye, kuosha sahani. Mara ya mwisho tulipoongea, sauti yake ilikuwa na furaha.

"Dada, mwambie Mama nakaribia muhogo. Atamenya muhogo mzima, na taa iko buluu bado."

Mama alicheka, akasema basi atamchagulia mwembamba.

Kilio kilipokaribia kuondolewa, mwenzake wa kazini alitutumia nguo zake na kioo cha mwisho alichotengeneza, kidogo kama ukucha, kimefunikwa na kioo kingine kuzuia unyevu. Baba mdogo ndiye aliyeongea naye kwa Kifaransa. Alituambia kitawaka vizuri mara moja tu, na hata tusipokiwasha kitaharibika chenyewe.

Kwetu, jembe au wavu wa marehemu hupewa mtu wa kuutumia. Kioo kile kingetumiwa na nani? Baba mdogo alitaka tukizike kizima Mutarule, kando ya baba yetu, ili mtoto awe na kaburi. Nilimuunga mkono. Nilitaka kitu chake kimoja kibaki kizima.

Mama alitusikiliza mpaka tukamaliza.

"Mwili sikuuona," alisema. "Na kazi yake mnataka kunificha?"

Baba mdogo akaenda kutafuta nyaya.

Mchana ule tulifunga milango, tukatundika kitenge dirishani. Mama aliketi na kisu na muhogo. Haukuwa mwembamba. Baba mdogo aliunganisha nyaya na betri za tochi, na kioo kikawaka. Sikuwahi kuona buluu ya namna ile, hata ziwani asubuhi. Ilifika kwenye vidole vya Mama, naye akaanza kumenya, taratibu, kama siku zote.

Shangazi alimnong'oneza, "Wifi, harakisha, weye. Hii kitu iko inakufa."

Mama hakuharakisha. Mimi nilikuwa natazama kisu, kisha kioo, kisha kisu. Ningependa kuandika kwamba alimaliza. Hakumaliza. Ganda lilikuwa limebaki upande wa chini, kiasi cha kiganja, buluu ilipoanza kuingiwa na kijani. Ikafifia, ikazima.

Tulikaa gizani. Mama alipapasa muhogo mpaka akafika penye ganda.

"Alibakiza kidogo tu," alisema.

Nikaondoa kitenge dirishani. Alimenya sehemu ile, akaosha muhogo, akautia sufuriani pamoja na mingine. Kioo tulikizika Mutarule wiki ile ile.