Siku Mizani ya Mama Ilipopimwa

Kila nikipita penye ghala nikanusa magunia ya ufuta, huharakisha hatua. Wenzangu husema harufu ile ni tamu. Ni tamu kweli, sikatai. Ila mimi hunirudisha kwetu Somanga, nina miaka minane, nimejibanza nyuma ya mlango wa ghala la chama cha ushirika, mikono nimeibana kwapani.

Mama ndiye aliyekuwa mpimaji pale. Mizani yenyewe ilikuwa bamba pana la chuma, karibu kugusa sakafu, na kioo chenye namba nyekundu. Mama aliifuta kila asubuhi kama anayemwosha mtoto uso. Asubuhi hiyo, nikienda chuoni kusoma Kurani, nilihofu ustadhi angeninyang'anya komwe zangu za kuchezea bao, basi nikazisokomeza, zimo kifukoni, chini ya bamba. Niliporudi, ghala lilikuwa limejaa watu.

Bi Somoe, jirani yetu, alikuwa akilalamika kwamba gunia lake limepunjwa. Kwa bahati, au kwa balaa, mkaguzi wa vipimo alikuwa amefika siku hiyo kukagua mizani kabla msimu haujachanganya. Aliteremsha garini mawe yake ya kupimia, ya chuma, kilo ishirini ishirini, akayapanga matano juu ya bamba, moja moja, kama anayepanga mayai.

"Hiyo ni mia," alisema. "Haya, tusome."

Kioo kikaonyesha tisini na nne.

Mama akageuka kuwatazama watu.

"Dada, nani mwingine anaigusa mizani hii?" mkaguzi akamuuliza mama.

"Ni mimi tu," mama akajibu, kwa sauti nyembamba nisiyoijua.

Mtu mmoja akasema polisi waitwe. Wallahi, nilijikojolea pale pale. Akilini nilimwona mama amefungwa pingu, kisha nikajiona mimi nimefungwa pamoja naye, na hata sijui lipi lilinitisha zaidi. Nikatoka mlangoni, juba limelowa.

"Ni komwe zangu," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena, safari hii kwa kilio.

Mkaguzi akayashusha mawe, akapiga magoti, akainua bamba na kuchomoa kifuko kilichokuwa kimekwama. Akayapanga mawe upya. Mia kamili. Akayahamishia pembe hii na pembe ile. Mia ile ile. Watu wakaangua kicheko, na yeye akanirudishia komwe zangu huku akitikisa kichwa.

Mama hakucheka, wala hakunichapa. Mchana kutwa aliyapima upya magunia yote ya asubuhi ile, wenyewe wakishuhudia. Jioni Bi Somoe alikuja kuomba radhi. Mama akamkaribisha, akamwandalia chai, akamwambia, "Yameisha, shoga yangu." Alipoondoka, mama alikaa jikoni muda mrefu, moto umeshazimika.

Miaka mingi niliamini kwamba siku ile mama aliogopa jela, kama mimi. Sasa nina umri aliokuwa nao yeye, nami nimekabidhiwa mali za watu, ndipo nimeelewa. Pale ghalani walijaa watu waliomjua tangu angali msichana, waliokula naye na kuzika naye. Namba zile zilipotokea, mama aliwatazama mmoja mmoja, akingoja. Na hakuna hata mmoja aliyesema, "Huyu hawezi kutuibia."