Kuku wa Zaina na Banda Nililoliziba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa msichana, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nikiishi Kimamba nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Salima, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mama mkwe alikuwa mpole na hakuwa msemaji. Alikuwa na binti mmoja tu, Zaina, aliyefariki akijifungua kabla mimi sijaolewa pale, na kichanga naye hakukaa. Alichoacha Zaina ni tetea mmoja wa kahawia, zawadi ya shoga zake siku alipoolewa. Tetea yule alitotoa, na watoto wake wakatotoa, hata nilipofika mimi uani palikuwa na kuku kumi na tisa. Mtaa mzima uliwaita kuku wa Zaina. Asubuhi mama mkwe akiwamwagia pumba alizungumza nao kwa sauti ya chini, na sisi tulijifanya hatusikii.

Mimi nilikuwa mjuaji. Banda lao lilikuwa la fito na nyasi, na sehemu ya juu ya kuta iliachwa wazi. Kicheche alipochukua vifaranga viwili, nikamsumbua mume wangu, Rajabu, mpaka akaezua nyasi, akaezeka bati, kisha akapigilia mabanzi kuziba kila upenyo. Mama mkwe alisimama akatazama kazi ile.

"Sasa watapata wapi hewa?" aliuliza.

"Mchana si watakuwa nje, Mama?" nikamjibu.

Hakubishana. Nami nikajiona nimeshinda.

Miezi michache baadaye, vuli imechelewa na jua la Kimamba halina huruma, mama mkwe akaenda kijiji cha Ulaya, huku huku Kilosa, kwenye msiba wa ndugu yake. Kabla ya kuondoka alinishika mkono. "Asha, nakuachia kuku wangu. Kwa jua hili usiwafungie mchana."

"Sawa, Mama," nikaitikia.

Siku ya pili rafiki yangu alikuwa anaolewa Kilosa mjini, pale Magomeni. Rajabu alikuwa shamba. Niliogopa mwewe, na niliogopa kuku wasije wakala mpunga ulioanikwa na majirani. Nikawaingiza bandani, nikawawekea maji kwenye kopo, nikafunga mlango. Nilijiambia nitarudi kabla ya adhuhuri. Lakini shughuli za harusi unazijua: bibi harusi hajapambwa, chakula hakijaiva, shangazi hajafika. Mara mbili niliwakumbuka kuku, na mara zote mbili nikasema bado kidogo. Nilirudi alasiri.

Uani palikuwa kimya. Nilipofungua banda, joto lilinipiga usoni kama nimefunua chungu jikoni. Kopo lilikuwa limepinduka. Kuku walikuwa wamelundikana mlangoni, penye ufa mdogo chini ya ubao, midomo wazi, mabawa yametanuka. Tetea mzee wa Zaina alikuwa chini kabisa ya lundo. Watatu tu walikuwa bado wanahema.

Nikamshika mmoja, nikampanua mdomo na kummiminia maji. Akapaliwa, akafa mikononi mwangu. Wa pili nikammwagia ndoo nzima ya maji ya mtungini, akatetemeka, akajinyoosha, naye akafa. Kilio changu kikamleta jirani, Bi Veronika, ambaye wazazi wake walikuwa vibarua wa mkonge.

"Acha, utamuua na huyu," akasema. "Nipe."

Akamlaza yule wa tatu kivulini, akamlowesha miguu na kishungi cha kichwani kidogo kidogo, akaweka kikombe cha maji karibu na mdomo wake bila kumlazimisha. Baada ya muda mrefu kuku akainua kichwa, akanywa mwenyewe. Alikuwa jogoo. Matetea wote walikwisha kufa, hakubaki wa kutaga, na uzao wa yule tetea wa Zaina ukakomea hapo.

Mama mkwe aliporudi nilimpokea mzigo. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akatazama uani. "Kuku wako wapi?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipoharibu zaidi. "Ni mdondo, Mama," nikasema. "Ugonjwa umewapitia, kabaki jogoo mmoja tu."

Alikwenda bandani, akaweka kiganja kwenye bati, akakiondoa upesi. Kisha akaanza kubandua mabanzi kwa mikono yake, moja baada ya jingine, mpaka nikashindwa kumtazama.

"Nimepitia kwa Bi Veronika," akasema bila kugeuka. "Nilitaka nikusikie wewe."

Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua kukawia ni nini," akaniambia. "Siku Zaina ameshikwa na uchungu niliitwa, nikasema nitafika kesho. Kwa kukawia ningekusamehe hapa hapa. Lakini umenitazama usoni ukanidanganya. Nitakuachiaje tena kitu changu?"

Nilimwomba radhi mara nyingi. Baadaye alisema amenisamehe, na naamini alinisamehe kweli. Tulikaa vizuri, tukapika pamoja, akanilelea wanangu. Lakini kila aliposafiri, funguo zake alimwachia Bi Veronika. Na mbali na yule jogoo, hakufuga kuku tena hadi alipofariki.

Sasa juzi umenitumia picha ya banda lako jipya huko Mikumi. Zuri, lakini bati limeinama karibu na vichwa vya kuku na kuta umeziba zote. Fungua pembeni, mwanangu, uweke wavu wa kuzuia kicheche. Juu ya bati tandaza nyasi. Usiwajaze wengi mahali padogo. Maji yawe kwenye chombo kizito kisichopinduka, kikae kivulini, na mchana uyabadilishe, kwa maana maji ya moto hawanywi. Mahindi wape asubuhi na jioni, jua likiwa limepoa. Ukimwona kuku anahema mdomo wazi na mabawa ameyaachanisha na mwili, usingoje. Mhamishie kivulini, mloweshe miguu taratibu, umwache anywe mwenyewe. Na ukitaka kwenda shughulini, kwanza mwombe jirani awaangalie.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi kuku wale nisingeweza kuwafufua hata kwa kusema kweli. Ila imani ya mama mkwe ilikuwa bado hai siku ile aliporudi, na niliiua mwenyewe kwa neno moja.

Mola akujaalie mikono yenye huruma kwa viumbe vinavyokutegemea, aupe ua wako kivuli na maji, na akupe ulimi wa kusema kweli hata pale unapotetemeka. Amina.