Dawa ya Manka Kati ya Chupa za Soda

Nilifunga safari ya Dar es Salaam kwa sababu ya uvimbe wa shingoni mwa mke wangu, Manka. Daktari wetu wa Moshi alipeleka kinyama cha uvimbe ule kupimwa, majibu yakaja kwamba ni saratani ya matezi, ila ya aina ambayo sasa imepata dawa mpya. Mkoani haikuwepo. Lakini milango ya biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, na mfamasia mmoja wa Upanga alikuwa akiiagiza kutoka nje. Ukoo ukachanga, nikatumwa mimi, kwa hoja kwamba mwalimu hawezi kupotea Kariakoo. Wote waliotoa hoja hiyo walikuwa hawajafika Kariakoo.

Alasiri nilikuwa Upanga. Mfamasia, Bwana Jayesh, alikuwa Mhindi mpole mwenye miwani minene. Nilimwuliza dawa hii ina tofauti gani na zile za kwanza za saratani, zilizomnyonyoa Manka nywele.

"Mwalimu, unawajua mgambo wa jiji?"

"Nimewaona sasa hivi wakikimbiza wamachinga."

"Basi zile za kwanza ndio mgambo. Wakishuka, meza za wote zinapinduliwa. Hii ni askari kanzu. Mwili una kingamwili zake za kupambana na magonjwa. Wataalamu wametengeneza moja maabara, inatambua alama iliyo juu ya seli za ugonjwa wa mama. Inazishika hizo, halafu inauita ulinzi wa mwili uje kuzimaliza."

"Wameitoa wapi?"

"Sehemu ni ya panya, sehemu ya binadamu. Wameunganisha."

Niliamua papo hapo kwamba habari za panya Manka hataambiwa.

Alinipa vichupa viwili na kisanduku cha baridi, pamoja na pakiti za barafu zilizofungwa gazeti. "Visipate joto, visigande, visitikiswe. Vikiharibika, kwa macho hutajua." Nilitembea hadi Kariakoo kama bibi harusi.

Nilifikia kwa Shemeji Aloyce, kaka yake Manka, aliyekuwa akiuza soda kwa jumla. Vichupa tukavilaza katika friji yake ya soda, ile ya mlango wa kioo, nami nikamweleza masharti yote. Alfajiri alinikabidhi kisanduku kimezungushiwa utepe wa gundi, kizito ajabu.

"Barafu nyingi, shemeji. Safari njema!"

Mnazi Mmoja, nikielekea kwenye basi, pua yangu ilinisimamisha. Niliketi chini, nikabandua utepe. Ndani alikuwa amelala samaki, nguru mzima, juu ya barafu ya kusagwa, ananitazama. Dawa haikuwemo. Nilikimbia kurudi kwa Aloyce.

"Shemeji, dawa iko wapi?"

"Si iko kwenye friji!" Aloyce alinishangaa. "Ulisema isigande. Ningeiweka na barafu ya samaki? Wiki ijayo nakuja mwenyewe, nitaileta."

"Manka anawekewa dawa kesho!"

"Sasa mimi ningejuaje? Na wewe unataka uondoke Dar na kisanduku cha vichupa viwili? Mama ataniuliza nilimpa shemeji nini."

Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, hilo nalijua. Lakini siku ile nilitamani kumpiga kwa zawadi yake. Mbele ya friji mama mmoja mnunuzi alikuwa ameshika kichupa cha Manka, akikigeuza.

"Hii ya kung'arisha uso bei gani?"

"Irudishe mama, taratibu!" nilipiga kelele hadi wapagazi wakageuka.

Pakiti za barafu zilikuwa zimetupwa kwenye friza, ngumu kama jiwe. Aloyce alimpigia Bwana Jayesh simu. Akatuelekeza: barafu ikae pembeni, soda baridi za friji katikati, dawa ndani kabisa, kati ya chupa za soda, isiguse barafu. Aloyce alipanga chupa zake moja moja, akazitoa, akazipanga upya. Ndipo nilipoona kwamba naye anamwogopea dada yake.

Njiani joto lilitukamata kuanzia Chalinze. Nguru alikuwa kwenye mfuko chini ya kiti, kwani Aloyce alikataa katakata abaki. Kufika Korogwe basi zima lilikwisha kumjua. Chupa zikagongana ndani ya kisanduku.

"Mzee, una soda baridi humo?" jirani yangu aliuliza.

"Ninazo, lakini siuzi. Zinalinda dawa."

"Soda zinalinda dawa," aliwatangazia wenzake, na basi likacheka. Mama mmoja akasema wachoyo amewaona wengi, ila mchoyo anayenuka samaki ndiyo kwanza anamwona. Nilivumilia. Nilikikumbatia kisanduku hadi Moshi nikiomba kimoyomoyo.

Hospitalini muuguzi alichomeka kipimajoto, akakitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Iko sawa," alisema. Nililia mbele yake bila haya.

Kesho yake dawa ilianza kumdondokea Manka mshipani, tone kwa tone. Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa hupelekewa dawa na watu wengi, na wengine kati yao wanahitaji kuchungwa kama dawa yenyewe. Kama itamponya sikujua, na daktari hakuahidi. Manka, ambaye kwa majuma hakutamani chakula wala kinywaji, alifumbua macho akakitazama kisanduku.

"Baba Neema, hizo soda ni za nani?"

Nilimfungulia moja. Akainywa yote, akanyoosha mkono kuomba ya pili.