Mtungi wa Maji ya Mungu

Mimi nilipokuwa mtoto, na nilikuwa mtoto mzuri wa sura, usibishe, uliza Gikondo nzima hapa Kigali, nyumba yetu ilikuwa na mgeni wa kila jioni ambaye sikuwahi kumwona. Mgeni huyo ni Mungu. Najua utacheka. Cheka tu, wewe uliyesoma. Mimi na shule tuliachana mapema, na leo hata mabosi wa Kimihurura wananiletea magari yao niyasikilize. Nikitega sikio tu, nakutajia ugonjwa. Lakini hili ninalotaka kukusimulia ni injini ambayo mpaka sasa sijaelewa inalia nini.

Bibi yangu, mama yake baba, tulimwita Nyogokuru. Alikimbilia Tanzania akiwa mama kijana akarudi mzee, na Kiswahili chake alikiokota hukohuko kwenye mashamba ya watu. Mama yangu naye ni Mtanzania wa Ngara, ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, sauti ya Nyogokuru ilitoka chumbani kwake.

"Maji iko?"

"Iko, Mama," mama alijibu.

Si maji ya kunywa. Kwenye pembe ya jiko kulikuwa na mtungi mdogo wa udongo, mweusi kwa moshi. Wazee wa Rwanda wanasema Mungu anazunguka dunia mchana kutwa, kisha jioni anarudi kulala kwetu. Na kabla ya kulala anafanya kazi: anawafinyanga watoto matumboni mwa mama zao. Mfinyanzi gani anafanya kazi na udongo mkavu? Kwa hiyo mwanamke halali bila kuacha maji kidogo ndani, Mungu asije akakuta nyumba kavu.

Mama aliyaweka kwa heshima ya mkwe wake. Baba ndiye aliyechukia. Alikuwa fundi gari kama mimi (hanifikii, lakini alijitahidi), na alikuwa shemasi katika kanisa dogo lililobanana na gereji.

"Mama, Mungu aliumba kwa neno," alisema. "Hakuomba mtu kikombe."

"Na Adamu?" Nyogokuru alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua. "Udongo aliulowesha na neno?"

Mimi nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye jiwe la kufulia nililokuwa nimelikalia. Nyogokuru aliniita Redio. "We Redio, zima," alisema, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Kisha mama akapata mimba. Walikuwa wameingoja tangu nilipoacha kunyonya, mpaka majirani wakachoka kuuliza. Furaha ilitujaa. Baba akawaalika waombaji wa kanisani waje kuibariki nyumba. Wakazunguka vyumba vyote wakiimba, wakafika jikoni, na mmoja wao akauliza ule mtungi ni wa nini. Mimi, Redio, nikaeleza vizuri sana, kwa mikono na miguu. Yule mtu akamtazama baba. Baba akauchukua mtungi, akamwaga maji mlangoni, akaupindua juu chini.

"Tunamtegemea Mungu peke yake," alisema.

Waombaji wakaitikia amina. Mama akamtazama mkwe wake. Nyogokuru alisema kwa sauti ndogo tu, "Mwanangu, usimpokee mgeni kwa mtungi uliopinduliwa." Jioni hiyo hakuuliza kitu. Wala zilizofuata.

Mtoto aliacha kucheza tumboni wakati wa kiangazi, mama akiwa ameshashona hata vikofia. Walimpeleka hospitali. Daktari alisema ni kamba ya kitovu, ilimzunguka shingoni. Alikuwa msichana. Mimi sikuonyeshwa, nilimwona baba tu akishuka kwenye gari la jirani amekumbatia kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitenge cha mama, anatembea polepole kama anaogopa kukiamsha.

Watu walikuja, na kila mmoja alikuja na maelezo yake. Wa kanisani walisema Mungu ana mpango wake. Majirani walinong'ona kwamba kikongwe alikuwa ameudhika. Na mimi nilikuwa na hakika yangu. Nilimfuata Nyogokuru nyuma ya nyumba, alipokuwa amekaa peke yake juu ya jerikani tupu.

"Ulisema," nilimwambia. "Ulimwambia baba, na sasa imetokea. Waambie basi!"

Nilidhani nampa ushindi. Alinishika mkono, akanivuta mpaka nikasikia tumbaku mdomoni mwake.

"Zima, Redio. Sikusema hiyo. Mvua ni ya nani? Ziwa ni la nani? Mungu akose maji kwa sababu ya kamtungi kangu?"

"Sasa kwa nini mtoto amekufa?"

Nilimngoja ajibu. Yeye ambaye alikuwa na jibu la kumnyamazisha shemasi mbele ya watu. Machozi yakamshuka, hakuyafuta.

"Sijui," alisema. "Mimi nimezika watoto huko ukimbizini, na sijui."

Jioni hiyo akaingia jikoni mwenyewe, akausimamisha mtungi, akautia maji. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku hiyo alipita karibu na ule mtungi kama dereva wa pikipiki anavyompita polisi: macho mbele, polepole.

Mama ndiye aliyetutia hofu. Hakulia sana. Aliacha tu. Jumapili tulivaa, yeye akabaki anafagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia. Biblia yake aliifungia kabatini pamoja na vile vikofia. Mwombaji mmoja alipomwambia, "Dada, Mungu hakuachi," mama alimjibu kwa upole kabisa, "Basi mwambie aseme kitu." Na jioni Nyogokuru alipouliza kama maji iko, mama hakuitikia. Nilijibu mimi, "Iko!" kwa sauti kubwa, ili nyumba isibaki kimya.

Kiangazi kikazidi. Bomba za mtaa wetu zikakauka, na Nyogokuru akalala kwa ugonjwa wa kifua. Jioni moja aliuliza kama kawaida, akikohoa. Nilikwenda kuangalia. Tulikuwa tumepika na maji ya mwisho. Kwenye mtungi hakuna, kwenye jerikani hakuna. Nikautikisa mtungi, hata tone.

"Maji iko?" akarudia.

Mama alikuwa amekaa mezani. Aliinuka, akachukua jerikani, akafunga kitenge kiunoni, akatoka. Nikamfuata. Tulishuka mpaka chemchemi ya bondeni, chini ya maghala, tukapanga foleni na wanawake wengine. Mbele yetu palikuwa na mmoja mwenye kichanga mgongoni. Mama alimtazama yule mtoto muda wote wa foleni.

Tuliporudi, hakupumzika. Alimimina maji kwenye mtungi mpaka juu, akaenda kusimama mlangoni kwa mkwe wake, mikono bado inadondosha maji.

"Nimeweka, Mama. Lakini mimi na mgeni wako hatuongei."

Nyogokuru alifumbua macho.

"Si neno, binti yangu. Atakunywa hata bila kusalimiwa."

Ndipo mama akalia. Alipiga magoti pale kitandani, akaficha uso kwenye blanketi, na ile sauti iliyotoka, iliyokuwa imezibwa tangu hospitali, sikuwahi kuisikia kabla wala baada.

Ningependa kukwambia kwamba mwaka uliofuata alizaliwa mtoto. Hakuzaliwa. Nyogokuru alituacha kabla ya mvua. Mama alirudi kanisani taratibu, benchi la nyuma, karibu na mlango, na mpaka leo watu wakisimama kushuhudia, yeye hukaa. Lakini hajawahi kulala bila maji jikoni. Zamani nilidhani ni ukaidi. Baadaye nikaona kwamba kuna watu wanaomwamini Mungu kwa kuimba, na kuna wanaomwamini kwa kumwekea nafasi yake huku wamemgeuzia mgongo. Sijui imani ipi ni nzito. Nadhani najua.

Mwaka huu mimi na mke wangu, Diane, tumempoteza mtoto wetu wa kwanza. Ndiyo, mimi, mwenye mdomo wote huu. Pale stendi ya pikipiki ya Sonatubes, karibu na gereji, madereva wanangoja niwatanie, na mimi nanywa chai tu.

Mama anakaa nasi siku hizi. Juzi jioni vyombo vilikuwa vimeshaoshwa, Diane amelala ameuelekea ukuta, na mimi nimesimama jikoni mbele ya ule mtungi mweusi. Sauti ya mama ikatoka chumbani kwake, na maneno ya Nyogokuru.

"Maji iko?"

Nikaujaza.

"Iko, Mama."

"Umemsalimia?"

"Bado."

Nikamsikia akivuta blanketi.

"Si neno," alisema. "Funika, yasije yakaingia vumbi."